Vifaranga Waliolia Sebuleni

Garissa, Alhamisi, baada ya sala ya alasiri

Kwako Ifrah, aabo, kama unavyoniita baba yako nami ninavyokuita,

Assalamu alaikum. Umetoka kwenda kuaga wenzako, mama yako yuko jikoni anakaanga nyama ya nyirinyiri ya safari, na moshi wote unanijia hapa barazani. Nimechukua daftari lako moja lenye kurasa zilizobaki. Nafikiri nina kama saa mbili kabla hujarudi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika. Kisomali changu ni cha mdomoni tu. Shuleni bwenini mwalimu wetu alikuwa mtu wa Lamu, na alituchapa mpaka tukajua mahali pa kuweka nukta. Tena nakijua kinywa changu. Jambo hili nikilisema kwa mdomo nitalizungusha kama ninavyozungusha bei ya ngamia, na mwisho utaondoka hujui nimesema nini.

Sitakwambia habari ya kuvaa, kula, kusali wala kuchagua marafiki. Mama yako ameyamaliza hayo, na kama kuna lililobaki, habaryar wako atalimalizia ukifika kwake Takaba. Dada za mama yako hawajawahi kukosa la kusema. Sitakufundisha kazi pia. Wewe ndiye uliyesomea mifugo, mimi nimewauza tu. Nataka kukuandikia habari ya mashine ya kuangulia mayai.

Najua hapo umekunja uso. Nisubiri.

Juma lililopita nilikusikia ukizungumza na habaryar kwa simu. Sikukusudia kusikiliza. La, niseme kweli: nilikusudia, nilisimama dirishani makusudi. Alikwambia akina mama wa kikundi chao wanataka kununua mashine ndogo ya bei nafuu, na kwa kuwa wamesikia afisa mpya wa mifugo ni msichana wetu, wanataka uwachagulie. Ukamjibu, "Habaryar, chanjo nitawachanjia, dawa nitawapa. Mayai waniwie radhi. Mimi mkono wangu unaua." Kisha ukacheka. Mimi nakijua kicheko chako ukiwa hujafurahi.

Aabo, mkono wako haukuua kitu. Mkono ulioua ni wangu. Nitakueleza, ila niache nianzie mbali kidogo, maana nikianza na lile lenyewe nitaiweka kalamu chini niende msikitini mapema, na watu wataniona mcha Mungu.

Wewe unanijua. Tangu kabla hujazaliwa niko katika soko la mifugo, dalali wa ngamia, na baba yangu alikuwa mchungaji wa ngamia, na baba yake vivyo hivyo. Kwetu mali ni kile kinachotembea kuifuata mvua. Kuku hahami, hakamuliwi, halipi mahari wala dia. Nilipokuwa mdogo, mwanamume aliyekula yai alilila amejificha. Sikukaa siku moja nikafikiri kama mawazo hayo yana maana yoyote mjini, katika nyumba ya mawe, na mtoto ambaye lazima anywe chai asubuhi akiwa na kitu cha kutafuna.

Ulipokuwa kidato cha pili, jirani yetu Mama Mwende, yule mshonaji wa Kitui, alikupa matetea watatu na jogoo. Nikasema wakae nyuma kabisa, karibu na choo. Wageni wakisikia jogoo na kuniuliza, nilikuwa nasema, "Ni wa jirani." Siku moja ulinisikia. Ulikuwa unapita na kopo la maji ya kuku mkononi. Ulisimama kidogo, ukanitazama, kisha ukaendelea na njia yako kama msichana aliyetumwa na huyo jirani. Hukuniuliza chochote baadaye. Laiti ungeniuliza.

Kuku wakaongezeka, ukaanza kuomba mashine. Uliniomba mwaka mzima, na mama yako akakusaidia kunisumbua, mpaka nikakubali. Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu wa kwanza, ambao wewe uliufahamu na hukuusema mbele za watu. Nakushukuru kwa hilo.

Niliona kwamba kama lazima nionekane nanunua kitu cha kuku, basi kiwe kikubwa. Kijana mmoja alikuja na lori la bidhaa kutoka Mandera, na juu yake palikuwa na mashine inayong'aa, urefu wake kama kabati. Alisema inaingia mayai mia mbili. Unajua nilimuuliza nini? Nilimuuliza baba yake ni nani. Kisha babu yake. Tukahesabu kurudi nyuma mpaka babu wa saba, tukakutana, nikaridhika. Tukafunika mikono yetu kwa kitambaa, tukapatana bei kwa vidole kama tunavyofanya kwa ngamia, na madalali wenzangu wamesimama wakicheka na kupiga makofi. Nilijiona mwanamume kweli kweli. Ngamia simnunui mpaka nimwone akiinuka na kutembea. Mashine ile niliinunua imelala.

Ilipofika nyumbani ukafungua trei zake, ukajaribu yai la kuku kwenye kishimo. Vile vishimo vilikuwa vya mayai ya kware. Mia mbili ni kware. Ya kuku hayafiki hata nusu. Ukapanga hayo machache. Siku ya tatu ulichukua kipimajoto cha homa cha mama yako, ukakilaza juu ya mayai, kikapanda mpaka mwisho, na kile cha mashine bado kinaonyesha kwamba mambo ni sawa. Walitoka vifaranga watatu, mmoja wao mguu umepinda. Nikakwambia, "Labda mayai yako hayakuwa na jogoo." Ulikuwa na miaka kumi na sita, na ulijua kuliko mimi, na mimi nilijua kwamba unajua. Yule kijana sikumtafuta. Ningemwambia nini? Kwamba babu wa saba alinidanganya?

Basi ukiwasaidia wale akina mama, na nakuomba uwasaidie, waambie wasiangalie mwili wa mashine wala ukoo wa muuzaji. Waulize mayai anayohesabu ni ya ndege gani. Waulize mwenye kuitengeneza yuko wapi, na kama kipuri chake kinapatikana hapo hapo au lazima kisafiri kwa basi. Wamwambie aiwashe tupu mchana na usiku mzima, na kile kipimajoto cha homa kiwe ndani, kabla pesa haijatoka mfukoni. Akikasirika, waachane naye. Mimi nimewaona wauzaji wa ngamia wanaokasirika ukitaka kumtazama mnyama meno, na siku zote kuna sababu.

Ile ya pili ulijinunulia mwenyewe, kwa pesa ya mayai, kutoka kwa mwalimu aliyepata uhamisho. Boksi jeupe la povu, kama haya mnayobebea chanjo. Mayai sitini, balbu mbili, feni ndogo, na nyaya za kufunga kwenye betri ya gari umeme ukikatika. Hata kugeuza mayai kulikuwa kwa mkono. Ulichora alama kwa penseli, msalaba upande huu na duara upande ule, na ulikuwa unaamka alfajiri kuyageuza kabla ya kwenda shule. Nilikiona kile kiboksi nikasema moyoni, pesa imepotea. Kumbe ndiyo iliyokuwa mashine. Ikiharibika, balbu inauzwa kila duka. Wewe sasa kazi yako itakuwa ya kuzunguka vijijini, huwezi kugeuza mayai kwa mkono mara tatu kwa siku, lakini wale akina mama wako kumi na kitu, wanaweza kupeana zamu. Kigeuzi cha umeme kinaongeza bei, na nilivyosikia ndicho kinachoharibika kwanza.

Halafu uliizunguka nyumba siku tatu na kipimajoto, unatafuta chumba chenye baridi. Nilikucheka. Nikakwambia, "Mayai yanataka joto, wewe unatafuta baridi?" Ukanijibu kwa upole, "Aabo, mashine inajua kuongeza joto. Haijui kulipunguza. Garissa hii mchana ikipita joto la yai, balbu zinazima zenyewe na bado mayai yanaiva." Sikuwahi kulifikiria hilo, mimi niliyezaliwa katika jua hili. Takaba nako jua si haba. Waambie watafute kwanza nyumba, ndipo watafute mashine. Na habari ya umeme wasimuulize mtu wa umeme. Wamuulize mwenye friji ya soda. Huyo ndiye anayejua unakatika saa ngapi na unarudi lini.

Ukaona sebule ndiyo yenye baridi kuliko vyumba vyote, ile kona iliyo mbali na dirisha. Nikakataa. Mama yako akasema sebule ni yake pia. Kiboksi kikakaa kona, chini ya kitambaa cha mezani, na mimi nikawa naketi nimekipa mgongo.

Mayai yale sitini hayakuwa yako yote. Mama Mwende alileta yake, na akina mama wengine wanne wa mtaa wakaleta yao, kwa makubaliano kwamba vifaranga watagawanywa. Walikuamini. Ulikuwa na daftari la majina yao, na siku ya saba uliyamulika mayai kwa tochi ukampa kila mmoja habari yake kama daktari. Mimi nilikuwa naona fahari, na nilikuwa naona haya kwamba naona fahari. Ndivyo nilivyokuwa.

Siku ya ishirini ulikuwa na mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Mama yako alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa hospitalini. Ulinikuta nafunga viatu vya kwenda sokoni, ukasema, "Aabo, leo wanaweza kuanza kugonga ganda. Usiifungue. Iache tu kama ilivyo." Nikasema sawa.

Adhuhuri nikarudi nyumbani kwa sababu wazee watatu walinipigia simu kwamba wanakuja. Mkubwa wao alikuwa Mzee Dekow, ambaye madalali wote wanasimama akipita. Walikuja kuniuliza kama nitakubali kuwa mwenyekiti wa madalali. Aabo, nilikuwa nimelitaka jambo hilo miaka mingi, na sikuwa nimemwambia mtu, hata mama yako. Nikawatandikia mkeka, nikawapikia chai mwenyewe, nikaweka tende. Tukaanza kuulizana habari za mvua, na za watu wa Lafey, na za bei.

Ndipo vifaranga wakalia.

Kwanza mmoja, kutoka ndani ya ganda. Kisha watatu, wanne. Sauti nyembamba, lakini sebule yetu unaijua, haina mahali pa kuificha sauti. Mzee Dekow akageuza kichwa akasema, "Ni nini hicho kinacholia?"

Nikasema, "Simu ya msichana wangu. Ameisahau."

Akasema, "Basi ipokee, inaweza kuwa jambo la maana."

Wale wengine wawili wakacheka. Sijui kama walikuwa wamefahamu. Mpaka leo sijui. Mimi nilikiona kiti cha mwenyekiti kinaondoka, niliona soko zima linaniita mzee wa kuku. Nikainuka, nikachomoa waya ukutani, nikaondoa na nyaya za betri, nikakiviringishia kiboksi shuka langu la begani, matundu ya hewa na yote, ili sauti isitoke. Nikapita nacho mlango wa nyuma mpaka stoo.

Stoo ya mabati. Saa nane na nusu mchana. Ukuta wake huwezi kuugusa kwa kiganja wakati huo, unajua. Nilijiambia kwamba joto ni joto. Nilijiambia ni kwa dakika chache. Nilijiambia kuku wa porini huko wanaangua juani bila balbu. Mtu akitaka kufanya kitu kibaya, hakosi la kujiambia.

Wazee walikaa mpaka alasiri, tukasali pamoja, wakakaa tena. Sikwenda kutazama. Ningeweza kusema nakwenda kuleta maji. Ningeweza kusema chochote. Niliketi pale nikiwamiminia chai, na kila nilipomaliza kikombe nilifurahi kwamba kuna kimya.

Walipoondoka nikaenda stoo. Kiboksi kilikuwa cha moto hata kwa nje. Nikakirudisha kwenye kona, nikachomeka waya, nikarudisha nyaya za betri vile vile kama ulivyozifunga, nikatandika kitambaa cha mezani. Nikaweka sikio. Hakukuwa na sauti. Baada ya muda kipimajoto kikashuka, kikasimama pale unapopataka. Nikakaa kitini nikakitazama kile kipimajoto, kinasema mambo ni sawa.

Ukaingia na sare yako, hata viatu hukuvua, ukapiga magoti mbele ya kiboksi. Ukaniuliza, "Aabo, hawajaanza kulia?"

Nikasema, "Sijasikia."

Neno hilo ndilo linalonirudia hata sasa ninapoandika. La kwanza niliwadanganya wazee kwa uoga wa ghafla. La pili nilikudanganya wewe nikiwa nimetulia, nimeketi, na magoti yako yako chini kwenye saruji.

Ulingoja siku hiyo, na siku iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Kisha ukafungua, ukapasua yai moja moja. Walikuwa wamekamilika, na manyoya yao, wengine midomo imeshatoboa ganda. Mama yako akakuuliza, "Maji ulijaza?" Kwa sababu siku za mwisho unyevu lazima uwe mwingi, ulikuwa umetueleza sote. Ukasema ulijaza usiku, asubuhi ulichelewa kwa ajili ya mtihani, hukuongeza. Mama yako akakugombeza: watu wamekupa mayai yao, na wewe unasahau maji! Ukaitikia, "Kweli, hooyo. Ni mimi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mlinitazama nyote wawili, mkingoja baba aseme neno. Nikasema, "Allah hakuandika."

Unaelewa nilichofanya? Nilikuwa nimekutwika wewe, na nikaona hujaelemewa vya kutosha, nikamtwika na Mola. Nimeomba toba kwa hilo mara nyingi. Lakini toba ya haki ya mtu haikamiliki mpaka umwendee mwenye haki yake, na mimi nimezunguka miaka minne.

Ulikwenda kwa wale akina mama watano mmoja mmoja, na kila mmoja ukampa tetea wako kufidia. Ukabaki na jogoo. Kiboksi ukakiuza. Chuoni ulifaulu kila somo, na kila ulipoulizwa kwa nini hukuchagua kazi ya kuku, wakati wasichana wenzako wanaitaka, ulisema unapenda ngamia. Nilifurahi niliposikia. Hebu fikiria, nilifurahi! Nilijidanganya kwamba umerithi kwangu.

Uenyekiti niliupata. Wewe mwenyewe unanitania nao. Nikichelewa kula unasema, "Mwenyekiti, kikao kimeanza." Hujui kila ukisema hivyo nafanya nini moyoni. Si lawama. Endelea kunitania ukitaka, ukiwa bado unataka.

Jumatatu nilikwenda kwa Mama Mwende. Nilitaka kujaribu maneno haya kwa mtu mwingine kwanza. Nilimkuta kwenye cherehani yake, nikamweleza yote nimesimama. Hakuinua mguu kwenye kanyagio mpaka nilipofika mwisho. Kisha akasema, "Baba Ifrah, hiyo maneno ya mayai mimi nilisahau kitambo. Lakini huyo msichana alikuja hapa na kuku kwa mkono, akalia mpaka nikamshikilia. Hiyo siwezi sahau. Sasa unaniambia mimi ya nini? Si uende umwambie yeye." Akaendelea kushona. Nilitoka pale bila hata kuaga vizuri.

Wale wengine wanne nimewaendea pia, jana na leo asubuhi. Mmoja alicheka sana. Mmoja alisema amesamehe. Mmoja alifunga mlango, na ana haki. Wa nne alisema siku zote alijua wewe si mtu wa kusahau maji. Nilitaka uende Takaba huku jina lako likiwa safi katika mtaa huu, hata kama langu halitakuwa. Sokoni habari itafika kesho au keshokutwa, na watanicheka. Wacheke.

Sasa turudi kwa wale akina mama wa Takaba. Ile mashine yako ndogo ilikuwa nzuri. Chumba ulichochagua kilikuwa kizuri. Mayai uliyachagua vizuri, mabichi, hayajapita juma moja, safi bila kuoshwa. Maji uliyojaza usiku yalitosha. Nilipokibeba kiboksi niliyasikia yakicheza ndani. Vifaranga walikuwa wanalia, aabo. Niliwasikia kwa masikio yangu. Ulikuwa umefanya kila kitu sawasawa, na kazi yako ilikuwa imekubali. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kukwambia hivyo, kwa sababu hakuna mwingine aliyewasikia isipokuwa mimi na wazee watatu walioambiwa ni simu.

Na kama wataniruhusu niongeze neno moja kutoka kwa mtu aliyeharibu mashine mbili: wasiinunue kwanza kabla ya kukubaliana itakaa nyumbani kwa nani. Wachague nyumba ambayo mume wake akija na wageni ataisikia ikilia na kusema, "Hao ni vifaranga wetu." Wamuulize mbele yao wote, mchana, wamsikie akisema. Akisitasita, watafute nyumba nyingine, hata kama ile ndiyo yenye umeme na baridi.

Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii ndani ya begi lako, chini ya nguo, uikute ukiwa umeshapita Wajir, mimi niko mbali na uso wako. Nimeona kwamba huo nao ni uoga, na nimeuchoka. Ukiingia nitakupa karatasi hizi mkononi, nimtoe mama yako jikoni, aje aketi nasi. Yeye hajui kusoma, na miaka minne yote ameamini kwamba ulisahau maji.

Sijui utanisamehe au la, na sikuombi uamue leo. Ukitaka kupanda basi kesho bila kunipa mkono, nitabeba begi lako mpaka kituoni na nitarudi.

Ukifika hapa utakuwa umesoma kimya kimya, na mama yako anakutazama usoni anataka kujua kuna nini. Rudi mwanzo, umsomee kwa Kisomali, kwa sauti, usiruke neno. Mimi nimekaa mbele yenu. Sitoki.

Baba yako,
Abdullahi